Kikohozi cha Mwanakheri

Tangu dari za nyumba zipewe masikio, hakuna tena aliyekohoa peke yake.

Mwanakheri alikuwa na mwezi mzima wa kukohoa, na kila akikohoa kisogo kilimpasuka kwa maumivu, kisha yakapoa. Huenda yalikuwa maumivu ya kupita tu. Huenda ubongo ulikuwa umeteremka ukaziba tundu la fuvu lililo juu ya shingo. Dari ingeweza kumwambia, lakini aliyeshukiwa ugonjwa huo alichukuliwa siku hiyohiyo kupimwa, na akikutwa nao alipasuliwa bila kuulizwa. Dada yake alipasuliwa akapona, ila hakumjua tena mtu.

Ndiyo maana mumewe, Makame, alikuwa akikohoa pamoja naye, kwa nguvu zaidi, ili dari isitambue.

Asubuhi moja, wakinywa uji, dari iliuliza kwa upole, "Nimesikia mtu akiguna baada ya kukohoa. Kichwa kinamuuma nani?"

"Mimi," Makame alijibu upesi.

Gari likaja kumchukua. Mwanakheri alitaka kusema, lakini kwa uchovu aliokuwa nao hata ulimi ulimlemea.

Alasiri Makame alirudishwa.

"Wamenipima, sina kitu," alisema, akijaribu kucheka.

"Tumefurahi," ilisema dari. "Basi ni nani?"

Makame akaanza kukohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mwanakheri akamshika mkono.

"Yatosha, mume wangu. Umechoka, nami nimechoka." Akainua uso. "Ni mimi."

Nje, gari lililomrudisha Makame lilikuwa bado halijaondoka.