Zamu ya Vyoo

Jumamosi ya mwisho ya Majilio, Mwenyekiti wa halmashauri ya waumini, Deusdedit, alifika parokiani na funguo za kanisa mkononi. Zamu za usafi alikuwa amezipanga mwenyewe: jumuiya yake ipambe pango la Krismasi, na jumuiya iliyomnyima kura za uenyekiti ioshe vyoo.

Chooni alimkuta Mama Skolastika peke yake, kanga kaifunga kiunoni, anasugua.

“Wenzako wako wapi, mama?”

“Wamegoma. Wanasema umetukomoa.”

“Na wewe mbona umekuja?”

“Wageni wa Krismasi watataka choo, Mwenyekiti. Mambo ya kura hawayajui.”

Deusdedit alitazama viatu vyake. Kisha akatundika funguo kwenye msumari wa mlango, akakunja suruali na kuokota brashi ya pili.

“Utachafuka, baba.”

“Nionyeshe tu pa kuanzia.”

Wanajumuiya wake walipochoka kusubiri kufunguliwa kanisa, walimfuata huko, mikono imejaa maua. Funguo zilikuwa zinaning'inia mbele yao. Ndani, brashi mbili zilisikika zikisugua sakafu. Aliyetangulia alinyoosha mkono kuelekea msumari, akasita, kisha akaanza kutafuta mahali pakavu pa kuweka maua.