Mgongo wa Kiragu

Kila Naliaka alipomuuliza maumivu yamefika ngapi kati ya kumi, Kiragu alizima sauti ya laptopu, akatoka chumbani, kisha akarudi na jibu.

"Nane," alisema leo.

Naliaka alitaka kulia.

Hii ilikuwa wiki ya sita na ya mwisho. Naliaka, mtaalamu wa tiba ya viungo, alitibu watu kwa video kutoka nyumba yake ya kupanga Kitengela. Kampuni moja ya bima mjini Kajiado ilikuwa imemwahidi kandarasi ya mwaka mzima kwa sharti moja: kwanza amponye karani wao, Kiragu wa Kisaju, ambaye kukaa vibaya kitini kulikuwa kumemharibu mgongo. Ripoti ilitakiwa saa sita mchana. Zilibaki dakika kumi.

Na mgonjwa mwenyewe alikuwa wa ajabu. Mazoezi aliyamaliza bila jasho. Akiambiwa ainame, viganja vilifika sakafuni. Alipofundishwa kimo cha meza na namna ya kukalia kiti, aliandika kila neno kama katibu wa chama. Hata kitambi kilichoandikwa kwenye faili lake kilikuwa kimeisha! Nambari tu ndiyo iliyokataa kushuka. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini wahenga hawakuwa na ripoti ya saa sita.

"Kiragu, hebu chuchumaa tena."

Akachuchumaa. Akasimama kwa mguu mmoja. Akaruka, na hakuna aliyemwambia aruke.

"Umesikia uchungu?"

"Nani, mimi?"

"Sasa ni nani mwingine?"

"Mimi siko na shida yoyote, daktari. Jana nimebeba magunia nne ya mahindi."

"Basi hiyo nane unaitoa wapi?"

Akakuna kichwa. "Hiyo ndiyo iko."

"Wacha hiyo. Mwili wako wewe unasema ngapi?"

"Wangu? Sifuri."

Naliaka akapiga makofi. Ugonjwa huu aliujua: woga wa kurudi kazini. Akaandika mbiombio kwamba Kiragu amepona kabisa na aripoti ofisini Jumatatu, akatuma. Jibu likaja papo hapo. Kandarasi ni yake! Furaha ilimzidi, akajikuta anacheza akiwa bado amekaa.

"Hongera, Kiragu! Umepona. Bosi wako anakungoja Jumatatu asubuhi."

"Ai, asante sana daktari! Mungu akubariki!" Akakimbia chumba cha pili bila kukumbuka kuzima sauti.

Naliaka akasikia sauti yake ikiita kwa shangwe: "Kiragu! Kiragu! Nimekuwakilisha poa, umepona! Jumatatu uko kazini!"

Kisha sauti nyingine, nyonge, ikajibu kutoka kitandani:

"Asante, Mugo. Sasa kuja unigeuze."