Yokozuna Hashushwi

Hebu niambie, umewahi kumshinda mtu mara tisa, halafu ukaambiwa umpe shikamoo? Nguchiro yalimkuta kwa Kiboko. Chama cha tenisi cha wanyama kiliazima vyeo vya sumo, mieleka ya Kijapani, na Kiboko akaitwa yokozuna, cheo cha juu kabisa.

“Yokozuna hashushwi,” alisema Korongo, katibu, msomaji pekee wa kitabu cha sumo.

“Hata akishindwa kuugusa mpira?” Nguchiro alifoka. “Mimi nitapanda lini, mzee? Akifa?”

Kiboko akacheka. Nguchiro akampokonya Korongo kitabu, akakuta ukurasa umenyofolewa. “Hapa paliandikwa nini?”

Korongo akakiri. “Kwamba yokozuna akizidi kushindwa, anastaafu mwenyewe. Niliunyofoa mimi, Kiboko akautafuna.”