Bwawa Lililotakaswa

Korongo alichukia uchafu kuliko njaa. Aliwakusanya wanyama akawauliza, "Ndugu zangu, tutakunywa mavi ya Kiboko mpaka lini?" Wakaazimia Kiboko afukuzwe.

Chura akasema, "Bwana Korongo, mfereji unaotuletea maji kutoka mto wa mbali huzibuliwa na Kiboko akipita. Akiondoka, nani atakanyaga magugu?"

"Wewe umezoea tope," Korongo akamjibu. Wote wakacheka, na Kiboko akaenda zake.

Maji yakang'aa hata wakajiona sura. Kisha magugu yakaziba mfereji, bwawa likaanza kukauka. Korongo akaruka kwenda kumwomba Kiboko radhi, akamkuta nyikani, amekufa kwa jua kabla ya kufika mtoni, ngozi imepasuka.

Akarudi bwawani. Wakaendelea kunywa, na maji yalikuwa safi mpaka tone la mwisho.