Kidole Kidogo

Ghorofa lilipoporomoka, Raya na Salha walikuwa kwa fundi cherehani, kila mmoja akisubiri nguo yake, wala hawakuwa wakijuana. Sasa walikuwa chini ya kifusi. Salha alikuwa amebanwa miguu. Raya alikuwa amelala karibu na tundu lililopitisha mwanga. Wakawa wanasimuliana ili wasisinzie, na Salha hakuwa na hadithi nyingine ila mumewe.

"Tunaishi na mama mkwe, naye mkali. Mbele yake hatushikani hata mkono," alisema. "Basi tukipishana ukumbini, Mbwana hunibinya kidole hiki kidogo, nami humkuna kiganja. Mpaka leo, dada! Na wako je?"

"Wangu mzima," Raya alijibu, huku akimwonea wivu. Wake hata jina hakumwita. Alimwita "we."

Nje sauti ya mwanamume ikaanza kuita, "Salha! Salha!" Hakuna aliyemwita Raya.

"Mjibu, dada," Salha alinong'ona. "Mimi sauti imenikauka."

Mkono ukapenya kwenye tundu, ukapapasa mawe, ukakuta vidole vya Raya. Ukakibinya kile kidogo, taratibu, kama unaogopa kukiumiza.

"Ni yeye?" Salha aliuliza.

Raya akakikuna kile kiganja.

"Yu hai!" Mbwana akalia huko nje. "Mke wangu yu hai!"

"Dada, ni yeye?"

"Ngoja kidogo," Raya alisema, na hakuuachia ule mkono.