Tunguu la Wifi

"Jikoni ni jengo la pili," alisema dada mtu, bila kuinua macho.

Mke wa kaka yake alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na tunguu la ua, limeoza nusu, linanuka kama kitunguu kilichosahaulika kapuni.

"Wifi, nasikia hapa mnatoa miche mingi kwenye tunguu moja. Nitolee minne tu."

"Hili la kutupa. Nenda dukani ukachague rangi."

"Nataka hili hili."

Dada mtu alicheka kwa pua. Tangu aolewe, mwanamke huyu hakuwahi kugusa kitu bila kukitafutia mteja: leo vitenge, kesho mafuta ya nywele. Sasa maua. Hata siku dada mtu na ndugu zake walipokutana kugawana vitu vya marehemu mama yao, yeye alitokomea uani kama asiyehusika.

Alikubali ili amwondokee. Akavaa glavu, akalimenya tunguu mpaka kwenye nyama nyeupe, akaliosha kwa dawa, akalikatakata. Kila kipande akakilaza kwenye chupa yenye jeli ya virutubisho. Kazi yake aliijua. Haukupita muda, vichipukizi vya kijani vikachomoza, vinono, visivyo na doa.

Kila Ijumaa wifi alikuja kuchungulia kwenye kioo, meno yote nje.

"Vimependeza! Tafadhali, usimwambie kaka yako."

"Umeona?" dada mtu alimwambia mfanyakazi mwenzake, wifi alipoondoka. "Hata mumewe anamfichia biashara. Maabara yangu imegeuzwa genge."

Akazikusanya chupa zote, akazitia kwenye mtungi wa mvuke wa kuchemshia uchafu, akakaza kifuniko.

Ijumaa iliyofuata alimpokea mlangoni.

"Vimeingia ukungu. Ndiyo kazi hizi."

Wifi aliduwaa. "Hakuna hata kimoja?"

"Hata kimoja. Vipi, wateja walishaanza kukusumbua?"

"Wateja gani, wifi?" Alijifuta macho kwa kiganja. "Nyinyi mko wanne. Nilitaka kila mtu apate lake. Siku ile mkigombania makochi, mimi nilikwenda kuling'oa lile ua jekundu la mama yenu pale chini ya dirisha, kabla mnunuzi wa nyumba hajamwaga zege."