Picha Yenye Nywele

"Toa kitambaa, mama. Nilinganishe na picha," alisema askari wa mpakani.

Kabugho alikuwa ameomba kibali cha siku tatu, akamtembelee dada yake aliyeko mji wa Beni, Zaire. Alikuwa amesema pia kwamba mumewe yuko Bwera, anachunga mbuzi. Wajane wa watu waliochukuliwa na jeshi hawakuruhusiwa kuvuka.

Alifungua fundo la kitambaa. Upepo ulimgusa utosini. Alikuwa amenyolewa juzi, milango imefungwa, baada ya maiti ya mumewe kuonekana chini ya daraja la Katunguru. Mama mkwe alisema mwanawe hazikwi bila mjane kunyolewa. Juu ya sikio palibaki mkato wa wembe.

"Nywele iko wapi?"

"Chawa, afande."

Askari wengine waliangua kicheko. "Basi peleka huko huko Zaire! Usituachie hapa!"

Yule wa kwanza hakucheka. Aliutazama ule mkato, akagonga muhuri, akamnyooshea kibali.

Kabugho alikishika.

"Pole kwa msiba, mama," askari alinong'ona.

Kabugho alikivuta kibali. Askari alikuwa hajakiachia.